Ufuo Usiofukiwa

Jua lilikuwa linazama Msabaha alipochukua beleshi na kushuka kwenye mabwawa ya maji machafu, nyuma ya kituo cha afya. Bwawa la kwanza lilikuwa limejaa. Ilimpasa anyanyue kibao cha lango, maji yapite kwenda bwawa la pili, yatulie huko yakisafishwa na jua na upepo. Ndiyo kazi aliyopewa na kijiji. Jioni hiyo alikuwa hoi. Mkewe, Somoe, alikuwa amelazwa kituoni kwa homa ya uzazi, mtoto wao, Mina, akilelewa kwa jirani, na yeye kila usiku alilala sakafuni kando ya kitanda.

Tangu mwaka wa kipindupindu mabwawa yalipokea hata maji ya kuoshea maiti. Zamani kila nyumba ilichimba ufuo wake, shimo la kupokea maji hayo, na maiti akishaoshwa lilifukiwa papo hapo. Bwana afya akaitisha kikao, akaamuru maiti wote waoshwe kituoni, kwenye chumba cha saruji, maji yaende na bomba. Bimdogo, mwosha maiti wa kijiji, alisimama kikaoni.

"Na ufuo wenu huu, nani ataufukia?"

"Bibi, hili ni bwawa, si ufuo," bwana afya alijibu.

"Ufuo ukiachwa wazi humwita mwingine, mwanangu."

"Basi lete jembe, bibi, utufukie bwawa!" Kikao kizima kikacheka.

Msabaha alishika kibao. Kilikuwa kimekwama. Akavuta tena... na harufu ikabadilika. Uvundo aliouzoea ulitoweka.

Karafuu maiti.

Wala siku hiyo hakuna aliyefiwa.

Chwaa... Kimya. Chwaa... Mtu alikuwa akimimina maji kwa kata.

Ng'ambo ya bwawa alichutama mwanamke, mgongo kwake, kanga kaifunga kifuani. Alichota bwawani, akamimina chini mbele yake, akasugua taratibu.

"Shikamoo, mama," Msabaha alisema. "Maji hayo hayafai."

"Nisaidie kumgeuza," mwanamke alinong'ona. "Ubavu wa kulia tayari. Peke yangu siwezi."

"Kumgeuza nani?"

Pale chini hapakuwa na mtu. Palikuwa na udongo mkavu, na katikati yake alama ya maji, ndefu, yenye kichwa na mabega.

"Mwanamke mwenzangu. Bado hajafika."

"Mimi mwanamume, mama. Siruhusiwi."

"Wewe unaruhusiwa."

Mwanamume haoshi maiti wa kike. Ila mkewe.

Msabaha akachota udongo kwa beleshi, akautupa bwawani. Akatupa tena, na tena. Maji yaliumeza wote, yakatulia.

"Utachoka," sauti ilisema, bila hasira. "Hata mimi nimechoka."

Alipoinua macho, ng'ambo hapakuwa na mtu. Alitupa beleshi, akakimbia.

Klementina, muuguzi, alimpokea mlangoni akitabasamu.

"Pole pole, baba! Habari njema. Homa imeshuka. Amepoa kabisa."

Somoe alikuwa amelalia ubavu wa kushoto. Upande wa kulia, gauni lilikuwa limelowa, tangu bega hadi kifundo cha mguu.

"Nani kamwosha?"

"Hakuna. Sijatoka humu tangu alasiri." Klementina aligusa gauni, akakunja uso. "Labda jasho."

Akaenda kutafuta shuka kavu. Msabaha alikaa ukingoni mwa kitanda. Akaweka viganja vyote viwili juu ya bega la mkewe, akaegemea kwa uzito wake wote asiweze kugeuka. Kope zilikuwa nzito kama zimetiwa mchanga.

"Baba Mina," sauti ya Somoe ilisema taratibu. "Naumia ubavu huu. Nigeuze."

"Vumilia, mke wangu. Mpaka kuche."

"Nigeuze kidogo tu. Huoni nimechoka?"

Ilikuwa sauti yake hasa, na machozi ndani yake. Mikono ya Msabaha ikalegea. Aliinama amtazame usoni, ampe pole.

Somoe alikuwa usingizini. Midomo yake ilikuwa imefumba.

"Basi shika miguu," ile sauti ikasema. "Mimi nashika kichwa."