Mkanda wa Mbayuwayu

Kila asubuhi Tulia na Sekela walifagia kibaraza cha darasa la sita, katika shule yao ya Kinyala. Tulia alisukuma ufagio bila kupumzika. Sekela alifagia kidogo, kisha akasimama kutazama mbayuwayu waliojenga viota vya udongo chini ya paa.

Ndiyo maana Tulia aliumia Mwalimu Lukasi alipotangaza kwamba mchoro wa Sekela utapelekwa kwenye maonyesho ya sayansi, Tukuyu mjini. Sekela alikuwa amegundua kwamba mbayuwayu wa pale ni wa aina mbili. Wote wana koo jekundu, lakini wanaojenga kibarazani wana tumbo la kijivu, na mkanda mweusi wa kifuani umekatika katikati. Wengine ni wageni wa msimu wa mvua. Hao hutua kwenye nyaya karibu na mashamba ya chai, wala hawajengi. Tumbo lao ni jeupe, na mkanda wao ni mzima.

"Kinyesi chao nafagia mimi, sifa anapewa yeye," Tulia alinung'unika.

Wakati wa mapumziko alibaki darasani peke yake. Alichukua penseli, akaunganisha ule mkanda uliokatika kwenye mchoro wa Sekela.

Mchana Mwalimu Lukasi alimwuliza Sekela kwa nini maelezo yake yanasema mkanda umekatika, na mchoro unaonyesha mzima. Sekela aliinamia karatasi, akaufuata mkanda kwa kidole. Tulia alingoja aseme kwamba kuna mtu ameichezea.

"Labda niliona vibaya, Mwalimu," Sekela alisema kwa sauti ndogo. "Labda ni ndege wale wale." Akaanza kuikunja kazi yake ya wiki sita.

Tulia hakutegemea hilo.

"Usiikunje," alisema. "Mkanda nimeuunga mimi. Nilikuonea wivu, kwa sababu nafagia mimi, sifa unapewa wewe."

"Kumbe fundi wa kuunga tunaye humu humu," Fred alisema kutoka nyuma, na darasa likacheka.

Mwalimu aliwanyamazisha, akampa Tulia kifutio. Tulia alifuta taratibu mpaka pengo likaonekana tena. Akamwomba Sekela msamaha. Sekela alijibu kwamba amesikia, ila bado amekasirika.

"Ana haki," Mwalimu Lukasi alimwambia Tulia. "Ungeniambia kwamba unafagia karibu peke yako, ningewapangia zamu upya, na kesho nitafanya hivyo. Lakini wewe ulinyamaza na wivu wako, mpaka mwenzako akaacha kuamini macho yake mwenyewe. Siku nyingine ukiumia, sema. Usiharibu cha mwenzako."