Kichupa cha Suzuno

Asubuhi Satomi aliweka mezani kichupa cha plastiki chenye mkojo wa binti yake, Suzuno, karibu na supu ya miso. Kila mwaka shule hupima mkojo wa watoto wote. Mtoto anapoamka tu, hujaza kichupa na kukipeleka shuleni.

Wiki mbili nyuma, mkojo wa Suzuno ulikutwa na damu isiyoonekana kwa macho. Shule ikaomba kichupa cha pili.

"Mtoto ana miaka tisa, anaruka kamba siku nzima," alisema bibi yake, Kinue. "Mgonjwa gani huyo?"

"Wapime tu, mama," Satomi alijibu, akaenda kuanika nguo.

Kinue alikuwa na hofu yake. Kaka yake, Genzo, aliacha kusikia akiwa na miaka kumi na saba. Alipofika ishirini na sita, figo zikamuua. Watu walisema alizidisha achari ya figili. Wengine walinong'ona kwamba ukoo ule una damu mbaya, na uchumba wa kwanza wa Kinue ukavunjika. Hakutaka mjukuu wake ayapitie hayo. Basi alimwaga mkojo wa mtoto, akajaza kichupa kwa mkojo wake mwenyewe. Alijiona mjanja kweli.

Barua ya majibu ilikuja baada ya siku kumi. Satomi akaisoma mara mbili.

"Damu tena. Twende hospitali."

"Haiwezekani," alisema Kinue.

"Kwa nini haiwezekani?"

"Kwa sababu mkojo ule ni wangu."

Satomi alikasirika sana. Kesho yake alimwita Bi Murase, muuguzi wa afya ya jamii. Kinue alimmiminia chai bila kumtazama usoni. Kisha akaeleza yote, hata ya Genzo.

"Umetusaidia bila kukusudia, Bibi," alisema Murase. "Mjukuu ana damu, bibi ana damu, na kaka alikuwa hasikii. Huenda ni ugonjwa wa kurithi. Achari haina kosa."

Walipimwa wote watatu, na wote watatu walikuwa nao. Daktari alitaja jina lake: Alport. Ni ugonjwa wa nadra. Vichujio vya figo hudhoofika polepole, protini huanza kuvuja kwenye mkojo, na wengine hupoteza kusikia. Hauponi, lakini dawa ikianza mapema huweza kuzilinda figo kwa miaka mingi.

Murase alirudi na fomu ya msaada wa serikali. Kinue akaisukuma pembeni.

"Majina yetu yaingie ofisini? Kesho mtaa mzima utajua."

"Ofisi haitangazi, Bibi. Sikiliza. Wagonjwa hawa ni wachache. Anayetafuta faida hahangaiki kuwatafutia dawa. Ndiyo maana serikali hutoa fedha za kodi kwa watafiti, na husaidia gharama za matibabu."

"Kodi yangu mimi?"

"Yako. Hata ile ya pombe ya sake unayonunua ukisema ni ya kupikia."

Satomi alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Mkikubali," Murase aliendelea, "habari za ugonjwa huwafikia watafiti bila majina yenu. Wasipopata habari za wagonjwa, fedha peke yake haziwafikishi mbali."

"Wakati wa Genzo fomu hii ilikuwepo?"

"Haikuwepo."

"Na watu wa kutueleza?"

"Sasa tupo. Kila masika naandika karatasi ya figo kwa fedha hizo hizo. Hupita kwako kwenye ubao wa mtaa."

Kinue aliona aibu. Ubao huo wa matangazo huzunguka nyumba kwa nyumba, na kila nyumba hugonga mhuri kuonyesha imesoma. Yeye alikuwa akigonga mhuri amesimama mlangoni, kisha anampa jirani. Miaka yote hiyo hakusoma hata mstari.

Machozi yalimlengalenga. "Mwandikeni Genzo kwenye historia ya ukoo," alisema. "Niandikeni na mimi."

Mwaka ukapita. Suzuno anameza dawa yake kila siku, na mama yake na bibi yake za kwao. Protini iliyokuwa ikivuja kwenye mkojo wa mtoto imepungua. Daktari anasema figo zake zinafanya kazi vizuri. Kamba bado anaruka.

Masika yalipofika, ubao ukaja. Kinue alisoma karatasi yote, ndipo akagonga mhuri. Akaupeleka kwa jirani yake, Masu, ambaye mjukuu wake alikuwa ameanza kuongeza sauti ya televisheni.

"Weka hapo mlangoni," alisema Masu. "Nitagonga mhuri baadaye."

"Siweki. Nitakusomea."

"Wewe? Tangu lini unajua mambo ya figo?"

Kinue alivua viatu, akaingia, akakaa.

"Tangu nilipojaza kichupa cha mjukuu wangu kwa mkojo wangu," alisema. "Zima televisheni, nikueleze."