Kisanamu Alichokiuza Msabaha

Shemeji yangu Msabaha alizaliwa na dharau. Kitu kisichouzika, kwake yeye, hakikuwa kitu. Mwaka 1998 yeye na dada yangu Mwanahija walipanga chumba Xiaobei, mtaa wa Guangzhou huko China, mimi nikapanga cha jirani, sote tukinunua kandambili za kupeleka Dar. Asubuhi moja ya kawaida kabisa alirudi kutoka soko la Sanyuanli na kisanamu cha rangi ya buluu, kirefu kama kiganja, kimefumbata vijembe viwili kifuani. Alikinunua kwa mfanyabiashara wa Kimisri aliyekiri bila haya kwamba kilitoka kaburini.

"Watu wa mnada London wanavigombea hivi," akaniambia. "Wewe endelea na kandambili zako, shemeji."

Kwamba maiti kaporwa, hilo halikumnyima usingizi. Kilichomkera ni kwamba kitu chenyewe hakina karatasi za umiliki.

Dalali akaja kwa treni kutoka Hong Kong, Mwingereza wa suti ya kitani, kila dakika anajipangusa kwa leso yenye manukato kama vile chumba chetu kinanuka.

"Siku hizi minada inapenda kujua kitu kilikuwa kwa nani," akasema kwa tabasamu. "Neno kaburi halipendezi. Hiki kilikuwa cha nani, Bwana Msabaha?"

"Cha babu yangu mzaa baba."

"Vizuri sana. Basi wewe ndiye mrithi wa mwenye nacho."

"Ndimi."

Babu yake mzaa baba alikuwa fundi cherehani wa Mkunazini, Unguja. Hata bakuli lisilo na ufa hakuwahi kumiliki.

Akikivingirisha kwa pamba, yule dalali akatueleza kwa mzaha kazi ya kisanamu. Wamisri wa kale walizikwa na visanamu kama hiki. Marehemu akiitwa huko kuzimu kwenda kulima au kubeba mchanga, kisanamu huitika badala yake: nipo. Akacheka. Msabaha naye akacheka. Wezi wawili wasiopenda kuitwa wezi.

Kikauzwa. Kwenye kitabu cha mnada waliandika kuwa ni mali ya ukoo mmoja wa Zanzibar. Tajiri fulani alikichukua, pengine kikapamba kabati la chupa zake. Msabaha akanunua saa na viatu vya ngozi, akaacha kuwasalimia watu mtaani kwetu.

Ukaingia ule msimu ambao kuta na sakafu za Guangzhou hutoka jasho. Tulikuwa tunakula chakula cha mchana. Msabaha akaweka kijiko chini.

"Nipo," akasema.

Mwanahija akamtazama. "Nani kakuita?"

"Hamkusikia?"

"Hatujasikia kitu."

Akatabasamu, akaendelea kula. Vinyweleo vya mikono yake vilikuwa vimesimama, na havikulala hadi tulipoondoa sahani.

Siku chache baadaye alitoka asubuhi, hakurudi. Tulimkuta mchana kweupe kwenye kiwanja kinachojengwa ghorofa, nyuma ya soko. Hana saa. Hana viatu. Anachota mchanga kwa viganja upande wa mashariki, anaumwaga upande wa magharibi, anarudi. Vibarua wa Kichina walikuwa wamesimama wanamwangalia. Walikwisha acha kucheka. Msimamizi wao akaninong'oneza kwamba yuko hapo tangu asubuhi na maji hataki.

Kucha zake zilikuwa zimekwisha.

Mwanahija akamkumbatia kwa nyuma. "Mume wangu, unafanya nini?"

"Mzee wa kaburini anaitwa kazini," akasema kwa sauti ya chini. "Aliyekuwa akimwitikia nimemuuza. Sasa kila akiitwa ananitaja mimi. Nilisema mimi ndiye mrithi wa mwenye nacho."

Nilimpigia simu dalali, nikamsihi kirudishwe.

"Kimeuzwa kihalali, na jina la mnunuzi ni siri," akasema. "Halafu shemeji yako mwenyewe alidai urithi. Ningembishia vipi?"

Akanitakia siku njema. Nimewadharau watu wengi maishani, lakini yule nilimdharau mpaka mate yakawa machungu.

Tulimlaza Msabaha kitandani, tukafunga mlango kwa nje, Mwanahija akautia ufunguo kifuani. Dirisha lilikuwa na nondo. Tukasimama ukumbini, mbele ya mlango uleule, tukimchemshia uji kwenye jiko la umeme. Hatukusogea.

Tukamsikia ndani. Aliitika taratibu, kwa adabu ambayo hajapata kumpa mtu yeyote.

"Nipo."



Mwanahija akatoa ufunguo kifuani, akafungua. Kitanda kitupu. Shuka bado ina joto. Nondo nzima, zote.

Polisi walisema amekimbia. Wanaume wa kigeni hukimbia, wakasema, wakaenda zao.

Lakini sisi tuliiona sakafu kabla unyevu haujaifuta. Kwenye vigae vilivyolowa jasho kulikuwa na nyayo za vumbi la njano. Zilianzia kitandani, nyayo za mtu mzima, miguu mitupu. Ya pili ilikuwa ndogo kidogo. Iliyofuata, kama ya mtoto. Zikaendelea kupungua hivyo kuelekea mlangoni. Ya mwisho ilikuwa sawa na ukucha wa kidole gumba, vidole vyake vyote vitano vinaonekana, nusu yake imekwisha kupita chini ya mlango, upande ule tuliokuwa tumesimama sisi.