Hodi Ukutani

Mpwa wa jirani yetu, yule aliyesomea usanifu wa majengo, alipangiwa chumba katika bweni ambalo wasomi hulisifu hadi povu liwatoke. Zege tupu, halina lipu wala rangi. Mbunifu wake alisema pambo ni uongo. Sawa, na mvua je? Maji yalipenya ukutani, kabati likaota ukungu, na korido zilifanana hata ukajikuta chumbani kwa watu na taulo lako. Binti alilichukia jengo lile kutoka moyoni. Na mhadhiri akampa kazi gani? Atengeneze mfano mdogo wa bweni hilohilo kwa kadibodi, kisha aitetee kazi yake mbele ya darasa. Akishindwa, anarudia mwaka.

Mchana huo alikuwa akibandika paa, gundi imemganda vidoleni.

"Hodi."

Akageukia mlangoni. Mwenzake wa chumbani, aliyekuwa akifunga begi, akamshika mkono.

"Usiitikie," akanong'ona. "Imetoka ukutani."

"Nani yuko ukutani?"

"Sijui. Ila hapo hapana mlango, dada. Utamkaribisha apitie wapi?"

Mwenzake akaenda zake darasani. Hodi ikarudi, ya upole, ya mtu mwenye adabu zake. Nje ya ukuta ule palikuwa na hewa tu, na ardhi mbali kule chini.

Akabandika. Hodi. Mkono ukamruka, paa likapinda. Akabandua, akaanza upya. Hodi. Likapinda tena. Hasira zikampanda.

"Karibu! Ingia basi, umenichosha!"

Hodi haikurudi tena. Akamaliza kazi peke yake, na mwenzake aliporudi alimkuta amelala fofofo.

Asubuhi akaibeba hadi darasani. Mhadhiri, mtu wa mizaha, akaizunguka, akaridhika, akagonga paa kwa kalamu.

"Hodi wenyewe!"

Darasa likacheka.

"Karibu! Ingia basi, umenichosha!"

Jibu lilitoka ndani ya kadibodi. Sauti ilikuwa ya binti. Wote wakamgeukia.

"Haya," mhadhiri akasema polepole. "Itetee kazi yako."

Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Hakijatoka kitu mpaka leo. Bweni lile la kadibodi wamelifungia stoo, na hakuna anayetaka kuligusa, isipokuwa mama wa binti. Yeye huomba ufunguo, akaingia, akagonga paa taratibu kwa kidole, apate kumsikia mwanawe.