Joho la Tharaka

Kila alipotoka shule, Oshadi alivua sare yake nyeupe, akaitundika msumarini isije ikachafuka, akala wali wake upesi upesi, kisha akaingia chumba cha nyuma ya duka kufunga mafurushi. Duka la baba yake lilikuwa kwenye barabara ya kupandia hekaluni, katika mji mdogo wa wachimbaji vito karibu na Ratnapura. Waliuza ubani, mafuta ya taa za ibada, sanamu ndogo za Buda na bendera za kutundika siku za mwezi mpevu. Lakini kilicholisha nyumba ile hasa ni mafurushi ya atapirikara, yaani vitu vinane vya mtawa: majoho matatu, bakuli la kupokelea chakula, wembe, sindano na uzi wake, mshipi, na kichujio cha maji.

Mtu akifiwa, huwapa watawa furushi kama hilo, na thawabu yake humfuata marehemu huko aliko. Katika mji ule hapakuwa na zawadi ya heshima kuliko hiyo. Na kwa sababu ya heshima hiyo, hakuna aliyeifungua. Mnunuzi aliipokea imeviringwa nailoni ya manjano inayong'aa, akaiweka mahali pa juu nyumbani kwake, siku ikifika akamkabidhi mtawa, naye mtawa akaiweka kabatini pamoja na nyingine. Kabati la hekalu lilikuwa limejaa mpaka mlango wake haufungi.

Baba yake Oshadi, Wimalasena, alilijua jambo hilo vizuri, na hapo ndipo shetani alipompata.

"Kunja pindo nje," alimfundisha binti yake. "Pindo zuri lionekane kwenye nailoni. Huko ndani hakuna anayetazama."

Huko ndani, joho lilikuwa moja badala ya matatu, tena limekatwa likabaki kama taulo. Nafasi iliyobaki ilijazwa kadibodi. Sindano mara ilikuwapo, mara haikuwapo. Oshadi alikuwa na vidole vyepesi, na mafurushi yake yalinona kuliko ya mtu yeyote barabarani pale. Baba alimsifu, naye akafurahi kusifiwa. Neno wizi halikutamkwa katika nyumba ile. Walisema "kupunguza", na Baba aliongeza kwamba hata wenzao wa ng'ambo ya barabara wanapunguza.

Basi mvua kubwa zikaja, na shimo moja la vito likaporomoka. Ndani yake alikuwamo Tharaka, kaka yake Piyumi, na Piyumi ndiye aliyekaa dawati moja na Oshadi tangu walipoanza shule. Zamani, wakati wa mafuriko, Tharaka alikuwa akiwavusha wote wawili mgongoni ili viatu vyao visilowe, huku akilalamika kwamba wanakula sana. Walimtoa shimoni kesho yake. Mji mzima ulivaa nyeupe, ukamzika.

Miezi mitatu ya kifo chake ilipokaribia, siku ambayo watu wa kule huwalisha watawa kwa ajili ya marehemu, mama yake alifika dukani. Mama Tharaka alikuwa mgema mpira katika shamba la watu, na utomvu ulikuwa umekauka vidoleni mwake.

"Karibu, Mama Tharaka. Keti," Baba alisema.

"Sikai, Baba Oshadi. Nimeacha ndoo, utomvu utaganda. Nataka furushi. Si yale madogo, nataka lile kubwa."

"La nini kubwa, mama? Hata dogo lina thawabu."

"Kubwa," alirudia. Sauti yake haikupanda. "Mwanangu alitoka mle shimoni hana kitu mwilini ila kitambaa kiunoni. Matope matupu. Tulimwosha, tukamwosha, bado yanatoka. Nikifumba macho nayaona. Sasa nataka huko aliko avae. Nguo nzima, imfunike mpaka miguuni."

Baba alitazama meza. Oshadi, aliyekuwa mlangoni pa chumba cha nyuma, alidhani angesema neno. Lakini alinyoosha mkono juu, akateremsha furushi kubwa, akampunguzia bei kidogo, na usoni mwake ilionekana amejiona mwema. Oshadi alilitambua fundo la utepe. Alilifunga mwenyewe.

Mama Tharaka alilipokea kwa mikono miwili, akaliinua mpaka usawa wa paji la uso. "Upate thawabu, Baba Oshadi," alisema, akaenda zake.

"Baba," Oshadi alisema walipobaki wawili, "lile ndani lina kipande."

"Najua lina nini."

"Si amesema nguo nzima?"

"Sikiliza, mwanangu. Kwani joho linaondoka hapa likatembea mpaka kwa Tharaka? Halitembei. Kinachokwenda ni moyo wa mtoaji. Moyo wa mama yule ni mzima. Basi, imetosha."

Baba alikuwa na ulimi wa asali, na Oshadi karibu akubali. Lakini macho yake yalikwenda kwenye rafu ya juu kabisa, kwenye sanduku la mbao. Ndani yake lilikuwamo furushi la Bibi, mama yake Baba, lililongoja mwaka wa kifo chake utimie. Lile Baba alilifunga peke yake, wala hakutaka mkono wa mtu. Kitambaa chake alikipima, akakipima tena.

"Mbona la Bibi ulipima?"

"Kawashe taa," Baba alisema.

Siku ya kuwalisha watawa, Oshadi na baba yake walivaa nyeupe wakaenda, kwa maana majirani wote walialikwa. Nyumba ya Mama Tharaka ilikuwa ya udongo, katikati ya miti ya mpira. Watawa walikuja kwa mstari, ngoma ikiwatangulia. Pale mlangoni mwanamume wa nyumba huwaosha miguu. Siku zote kazi hiyo ilikuwa ya Tharaka. Sasa aliyeinama na ndoo ni mjomba wake, na wanawake walipomwona walianza kulia upya.

Watawa waliketi chini kwenye shuka nyeupe. Chakula kilikuwa tayari: wali, dengu, samaki mkavu, na mchuzi wa fenesi ambao Tharaka alikuwa akiukomba hadi sufuria inalia. Kabla ya kula, furushi lilianza kupitishwa. Ndivyo desturi ilivyo: kila aliyempenda marehemu huligusa, ili thawabu iwe ya wote. Shangazi aligusa, mjomba akagusa, wachimbaji wenzake wakagusa kwa mikono yao migumu. Piyumi alilikumbatia.

"Oshadi, njoo," Mama Tharaka aliita. "Na wewe ulikuwa mdogo wake. Shika."

Oshadi alisogea mpaka karibu. Nailoni iling'aa, na pindo lilionekana zuri, limenyooka, jinsi alivyofundishwa. Aliinua mkono, na mkono ukakataa kufika. Aliona aibu, akaogopa, na zaidi ya yote akamhurumia Tharaka kana kwamba bado yumo matopeni anangojea nguo.

"Mama," alisema, "hili halifai."

"Halifai nini?"

"Nimelifunga mimi. Nilikunja pindo likae nje. Ndani hamna joho, kuna kipande tu na kadibodi."

Shangazi ndiye aliyepata sauti kwanza. "Mtoto gani anasema hivi mbele ya watawa? Mtoeni nje."

"Mwacheni," Mama Tharaka alisema.

Alichukua kisu cha kukatia popoo, akapasua nailoni. Kadibodi ilianguka sakafuni. Alikikunjua kile kitambaa, akajipima kiunoni mwake mwenyewe, naye alikuwa mwanamke mfupi. Hakikufika magotini.

"Hiki ni cha mtoto mchanga," alisema. Kisha akamtazama Wimalasena, aliyekuwa amekaa na wanaume karibu na mlango, sinia la tambuu mbele yake. "Baba Oshadi. Si nilikwambia?"

Alisema kwa sauti ile ile ya dukani. Afadhali angepiga kelele.

"Wengine huiba vito," mchimbaji mmoja alisema kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia. "Huyu anaiba sanda."

Wimalasena aliinuka, akatoka bila kuvaa viatu. Watu wakaguna, kwamba amekimbia. Oshadi alibaki amesimama katikati ya chumba, hajui mikono aiweke wapi. Alimgeukia Piyumi, na Piyumi akarudi nyuma hatua.

"Unakaa na mimi kila siku," Piyumi alisema. "Kila siku nakusimulia Mama anavyohangaikia furushi hili. Na wewe unajua."

"Nilijua."

"Basi usiniguse."

Mtawa Mkuu, mzee ambaye joho lake mwenyewe lilikuwa limetiwa viraka mabegani, alikuwa akilitazama lile furushi lililopasuliwa. Sasa mjomba alimsogelea kwa magoti, akamwomba waanze kula, kwa kuwa jua linapanda, na watawa hawali chakula adhuhuri ikishapita. Wakichelewa watashinda na njaa mpaka kesho asubuhi.

"Tutangoja," mzee alisema. "Njaa tumeizoea. Hebu tuone yule aliyetoka anakwenda wapi."

Wakangoja. Mchuzi ukapoa, ukafanya utando juu. Mtawa mdogo mmoja aliutazama ule wali, kisha akatazama ukuta. Kivuli cha mti uani kilikuwa kimefupika sana aliporudi Wimalasena, jasho likimtiririka na miguu ikiwa na vumbi. Kifuani amekumbatia furushi lisilo na nailoni wala utepe. Oshadi alilijua. Lilikuwa la Bibi.

Alipita katikati ya watu, akapiga magoti mbele ya yule mgema mpira, yeye mwenye duka, akainamisha kichwa mpaka sakafuni.

"Hili nililifunga kwa ajili ya mama yangu," alisema. "Lipime."

Mama Tharaka hakumwambia ainuke. Alilikunjua joho la kwanza, akamwita mjomba, ambaye kimo chake na cha Tharaka kilikuwa kimoja. Akamwekea kitambaa begani, akakiachia kishuke. Kilishuka kikapita kifua, kiuno na magoti, kikafunika miguu. Aliinama akalivuta pindo kidogo kwenye kifundo, kama mama anavyomweka sawa mtoto anayekwenda shule, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

"Linafika," alisema.

Furushi lilipitishwa upya. "Na wewe shika," Mama Tharaka alimwambia Oshadi, bila tabasamu. Oshadi alishika kwa ncha za vidole. Piyumi aliusogeza mkono wake kando ili mikono yao isigusane. Mtawa Mkuu alilipokea lile furushi kwa mikono yote miwili, akasema maneno ambayo Oshadi hakuyasahau: "Zawadi hii leo imefungwa na watu wawili. Mmoja ameleta nguo, na mmoja ameleta ukweli. Bila huyu mdogo, sote hapa tungemvika marehemu kadibodi."

Watawa walikula haraka haraka, wakamaliza jua halijafika utosini. Kisha Mama Tharaka na Piyumi walishika birika pamoja, wakamimina maji kikombeni mpaka yakafurika juu ya sinia, huku watawa wakisoma, ili thawabu imfikie Tharaka. Sinia la tambuu lilipozungushwa, Wimalasena alilipokea ampe aliyekaa kando yake, lakini yule hakunyoosha mkono.

Walipofika dukani, Baba alifungua milango yote ya mbele, akateremsha mafurushi yote, akayapanga barazani mahali ambapo kila apandaye hekaluni atayaona. Akampa Oshadi mkasi, naye akachukua kisu. Wakaanza kuyapasua, moja baada ya jingine, kadibodi huku, vipande kule. Watu walisimama, wakatazama. Wengine walitema mate, wakapita.

"Na waliokwisha kununua?" Oshadi aliuliza.

"Tutaanza na wale tunaowakumbuka. Nitakwenda mlango kwa mlango. Wengine watanifukuza."

"Na Bibi?"

Baba aliacha kukata. "Bibi atangoja mpaka nipate kitambaa kingine. Nitamwomba radhi." Alikaa kitako kati ya kadibodi, amechoka. "Mwanangu, nilikwambia kinachokwenda ni moyo wa mtoaji. Sikudanganya, ila nilijisahau mimi. Mkono wangu pia umo ndani ya furushi, na moyo wangu umo. Anayetoa hafungui, anayepokea hafungui. Katikati tupo sisi peke yetu. Kazi ambayo hakuna mtu wa kuikagua, hiyo ndiyo uifanye kwa uaminifu kuliko kazi zote. Nimekufundisha vibaya, na leo wewe ndiye umenifundisha."

Duka halikupona upesi. Wateja walipungua, na jioni nyingi walikula wali kwa chumvi na nazi. Shuleni Piyumi alihamia dawati la mbele, na ulipita muda mrefu kabla ya kugeuka nyuma kuazima kifutio.

Oshadi aliendelea na kazi yake chumba cha nyuma. Ila sasa, kabla hajakunja joho lolote, alisimama wima akalishikiza begani mwake, akaliachia lishuke mpaka miguuni. Na kwa kuwa Tharaka alikuwa mrefu kuliko yeye, kila mara aliongeza kitambaa.