Shada la Bwombwe

Gakenia alikuwa fundi wa mashada ya maua mjini Kisumu, na siku ile ilianza kama siku nyingine yoyote. Kibanda chake kilikuwa karibu na mochari, njia ya kwenda Manyatta. Yeye alikunja fito, mdogo wake Wanjiru akichambua maua huku akiimba. Jirani yao, Mama Ajwang, mjane kutoka Usenge, kijiji cha kando ya ziwa, aliyeuza omena, wale dagaa wadogo, kwenye meza ya pili, alikuwa akimcheka Wanjiru kwa kukosea maneno ya wimbo.

Mchana akaja mwanamke nadhifu, karata moja mkononi. Si karata za kuchezea, bali zile za kupigia ramli. Ilichorwa mwanamke anayecheza peke yake, mguu mmoja juu, ndani ya shada refu lenye umbo la yai.

"Hii inaitwa Dunia," alisema. "Maana yake safari imekamilika. Nitengenezee shada kama hili, mtu aweze kusimama ndani. Na liwe la bwombwe."

Bwombwe ni mmea unaotambaa, umejaa kwenye nyua za mtaa wa Nyalenda. Gakenia, mzaliwa wa Nyeri, hakuona ubaya. Mama Ajwang alingoja mgeni aondoke, ndipo akasogea.

"Hiyo majani sisi watu wa ziwa huvaa kichwani tukipata mapacha, ama tukifukuza kifo kwa boma," alinong'ona. "Tunavaa, tunavua. Hakuna mtu huingia ndani mwili mzima. Ukitengeneza, nyathina, mtoto wangu, achia nafasi. Usifunge."

Gakenia aliitikia kwa heshima. Lakini shada lililoachwa wazi huonekana kama kazi ya mtu anayejifunza. Akalifunga.

Mwanamke yule hakurudi. Shada likakaa limeegemezwa ukutani. Maua yote kibandani yalinyauka kwa joto. Bwombwe ilizidi kutoa majani mapya.

Siku moja Wanjiru akajitia ndani yake akicheka. "Nipige picha!" Akainua mguu, akanyoosha mikono. Gakenia alipoinua simu, kicheko kikakatika.

"Nimefika," Wanjiru alisema kwa sauti ndogo.

"Umefika wapi?"

Wanjiru akashusha mguu, akatoka ndani ya shada.

Tangu hapo hakuweza kwenda popote. Alitumwa sokoni Kibuye, akaondoka kwa upande wa kulia wa kibanda. Punde akatokea upande wa kushoto, kikapu kitupu, jasho likimtiririka.

"Nimetembea moja kwa moja," alilia. "Sijapinda mahali popote."

Gakenia akamshika mkono, wakatoka pamoja. Walipita kanisa. Walipita kituo cha mafuta. Vumbi likamwingia Gakenia machoni, akayafumba. Alipoyafumbua, kiganja chake kilikuwa kitupu.

Akarudi mbio. Wanjiru alikuwa ndani ya shada. Mguu mmoja juu. Gakenia akamtoa, akamketisha kando.

Mchungaji aliitwa, akaomba mpaka sauti ikamkauka, akaondoka bila kuaga. Gakenia akachukua kisu. Alitafuta fundo alilolifunga kwa mikono yake mwenyewe. Halikuwapo. Shina lilizunguka tu, halina mwanzo, halina mwisho. Akakata hivyo hivyo. Nyuma yake Wanjiru akapiga yowe. Mstari mwekundu ulikuwa umejichora shingoni mwake, unatoa damu.

Kisu kikamponyoka.

"Tulipeleke ziwani," alisema Mama Ajwang. "Sijui kama itasaidia. Lakini sijui kingine."

Walikodi pikapu hadi Usenge, Wanjiru akiwa nyuma kando ya shada; safari hii hakutoweka. Jua lilikuwa utosini. Wanawake waliokuwa wakianika omena ufuoni waliacha kazi, wakatazama. Gakenia na Mama Ajwang wakalisukuma shada majini, maji ya magotini tu.

Halikuelea. Lilisimama wima.

Wanjiru akaanza kutembea kulielekea. Gakenia akamkumbatia kiunoni. Akavuta. Wanawake wakaja, wakavuta naye. Ilikuwa kama kuvuta mti wenye mizizi.

"Niachilie, Gakenia. Unaniumiza."

Mpaka leo Gakenia hajui kama aliachilia mwenyewe, au vidole vyake vilifunguliwa.

Wanjiru aliingia ndani ya shada. Hakuangalia nyuma. Shada likalala polepole juu ya maji, likazama naye. Gakenia alijitupa pale pale, akapapasa. Mchanga. Maji. Mchanga tena. Wavuvi walitafuta kwa mashua na nyavu mpaka wakachoka. Hawakupata mwili. Hawakupata hata jani.

Gakenia alirudi Nyeri. Hashiki maua tena.

Kule Usenge kuna wavu mmoja wa kuanikia omena, ule ulio karibu zaidi na pale Wanjiru alipoingia majini. Wanawake humwaga samaki juu yake ovyo, kama walivyozoea. Wakirudi kuwageuza, huwakuta wamejipanga wenyewe, maelfu ya vichwa vidogo vikitazama ziwani. Omena wa pale hakuna mtu anayewala. Hata marabou, wale korongo wala mizoga, hawawagusi.