Kikombe cha Bi Halvorsen

Keki ilikuwa na shimo. Loretta alifungua maikrowevu, akatoa kikombe kwa kitambaa, na pale juu, katikati ya keki ya chokoleti iliyoumuka vizuri, palikuwa pamechotwa kijiko kimoja, kana kwamba kuna mtu ameonja. Mlango haukuwa umefunguliwa hata mara moja. Junie, binti yake, alikaa mezani anatabasamu.

"Bibi anasema imepungua chumvi," akasema.

"Bibi gani tena, mwanangu?"

"Huyo nyuma yako."

Loretta hakugeuka. Nani angegeuka?

Mambo yalianza siku ya kuzaliwa ya Junie. Theluji ilikuwa imefunga barabara za mji wa Duluth, huko Marekani, duka la keki halifikiki, na mtoto keshanuna. Loretta akakoroga unga, kakao, sukari, maziwa na mafuta ndani ya kikombe kikubwa cha kahawia, akakisukumia kwenye maikrowevu, na kufumba na kufumbua keki ikawa tayari. Kikombe chenyewe alikipata nyumba ya pili, kwa marehemu Bi Halvorsen, siku vyombo vyake vilipouzwa. Mtaa mzima ulikwenda, ukapekua makabati ya mama wa watu, na hakuna aliyeona vibaya, maana ndivyo wafanyavyo kule mtu akifa. Basi akachomeka mshumaa. Junie akafumba macho, akaomba ombi lake moyoni, akapuliza. Ombi la mshumaa halisemwi, ukilisema halitimii. Hilo watoto wa kule wanalijua kabla hawajajua kufunga kamba za viatu.

Tangu siku hiyo, kila jioni giza likiingia, jiko lilinuka dawa ya kuchua na sweta lililolowa. Junie alikataa chakula chote ila keki ya kikombe kile. Mikono yake ilikuwa baridi hata ndani ya blanketi. Loretta alikitupa kikombe kwenye pipa la nje, akafunga mlango, na aliporudi jikoni alikikuta ndani ya maikrowevu, kinazunguka polepole, na kijiko kinakwangua ndani yake.

"Bibi anasema nikishakuwa baridi kabisa tutahamia kwake," Junie akamwambia. Kwake palikuwa nyumba ya pili, tupu, imefungwa kufuli.

Hapo Loretta akashika simu. Akampigia Verna, mama mtu mzima wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa rafiki pekee wa marehemu. Verna akaja na mabuti yake ya theluji, akakiona kikombe, akakaa chini bila kukaribishwa.

"Hakuwa na mtoto wala mjukuu," akanong'ona. "Kila mwaka alijipikia keki humo, akawasha mshumaa, akapuliza peke yake. Mtoto aliomba nini?"

"Hataki kusema."

"Basi huo ndio mlango alioingilia. Mfanye aseme, shoga yangu, na umfanye aseme leo."

Loretta akapiga magoti mbele ya binti yake, na maikrowevu ikajiwasha yenyewe, sahani ikaanza kuzunguka, harufu ya dawa ikajaa mpaka macho yakawawasha, na nyuma yake akasikia pumzi kama ya mtu mzima anayepanda ngazi, inakaribia, inamgusa shingoni, baridi, naye anang'ang'ania vile vidole vidogo kama barafu asithubutu kuviachia, anabembeleza, analia, anasema nisamehe mwanangu, nimekuacha peke yako mno, sema tu, sema mama asikie.

"Nikisema ataondoka," Junie akanong'ona.

"Ndiyo. Mimi nitabaki."

Mtoto akatazama juu ya bega la mama yake, kwa muda mrefu, kama anayeomba ruhusa.

"Niliomba bibi," akasema. "Wa kukaa na mimi ukiwa kazini."

Maikrowevu ikazimika. Kikombe kikapasuka vipande viwili ndani yake. Harufu ikapotea, ikabaki ya kakao tu, na damu ikarudi kwenye mashavu ya Junie. Verna akajifuta jasho, akacheka kidogo kwa aibu. Loretta akamkumbatia binti yake, akalia bila kujizuia.

"Mama," Junie akasema kifuani pake. "Siku ile ya mshumaa sikupuliza peke yangu. Bibi alipuliza kwanza."

Verna akaacha kucheka.

"Naye aliomba nini?" Loretta akauliza, kwa sauti ndogo sana.

"Hakusema. Anajua halisemwi."

Na ule mkono mdogo, ndani ya mkono wa Loretta, ukaanza kupoa tena.